Somo la Tawi: Utambi wa Kunyweshea Mboga za Makopo



Somo letu la safari hii si la mishahara wala la namna ya kuandika malalamiko. Ni somo la utambi. Wapo watakaocheka. Hata mimi nilipolifundisha mara ya kwanza katika mkutano wa tawi, mzee mmoja mkata miwa alisimama akauliza, "Ndugu Katibu, siku hizi ada zetu zinalipia masomo ya maua?" Ukumbi mzima ulicheka. Mzee huyo nitamrudia baadaye, maana swali lake lilikuwa na haki ndani yake.

Wengi wetu tunakaa kwenye laini za kampuni. Mbele ya mlango pana nafasi ya hatua tatu, halafu njia, halafu mlango wa jirani. Shamba hatuna. Kwa hiyo akina mama, na wanaume wachache wenye busara, hupanda mboga kwenye makopo, ndoo zilizopasuka na magunia. Utakuta sukuma wiki, dodo, nakati, vitunguu vya majani, pilipili. Makopo kumi yakistawi, nyumba haikosi mboga ya kulia posho, hata katika ile wiki ya mwisho wa mwezi ambayo kila mmoja wetu anaijua.

Shida ni kiangazi. Hapa kwetu Uganda, upande wa ziwani, jua kali huanza Desemba likaendelea mpaka Februari, kisha hurudi tena Juni na Julai. Udongo wa shambani una kina, chini yake pana ubaridi. Udongo wa kopo hupata moto pande zote, na siku moja ya jua na upepo yatosha kuukausha. Sasa fikiria dada anayeondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kwenda kuchuma chai. Anarudi saa kumi jioni, anakuta foleni ya majerikeni bombani, bado hajapika. Mboga atazimwagilia saa ngapi? Mara nyingi kazi hiyo huangukia mtoto aliyetoka shule. Mtoto akisahau, mboga zinakufa, na anapigwa mtoto.

Utambi hauleti maji bombani. Unachofanya ni kukuondolea ile kazi ya kila siku. Badala ya kumwagilia mara mbili kwa siku, unajaza chombo mara moja kwa siku nne au tano, siku yako ya mapumziko ikiwa mojawapo. Hayo ndiyo manufaa yake yote, na mtu asikudanganye kwamba kuna zaidi.

Mimi nilifundishwa na mtunza bustani wa nyumba ya meneja, katika shamba nililofanyia kazi zamani. Alikuwa mwanachama wetu. Krismasi ya mwaka 2009 bwana mkubwa alisafiri na familia yake siku kumi, na yule ndugu naye alitaka kwenda kwao Arua. Aliyapanga maua yote ya barazani kuzunguka beseni la maji, akatoa kamba ya kitambaa kutoka kwenye beseni mpaka kwenye kila chungu, akaenda zake. Aliporudi, hakuna ua lililoinamisha kichwa. Wakati huohuo kule kwenye laini, dodo la mke wangu lilikuwa limekauka kama tumbaku. Nilimwomba anifundishe. Akasema kitu chenyewe ni cha bure, ila kuna mambo manne matano ya kukosea, na mimi nikayakosea yote.

Tuanze na jinsi kinavyofanya kazi, maana asiyejua sababu hawezi kutengeneza kilichoharibika.

Kila mmoja wetu amewahi kula chakula mbele ya tadooba, ile taa ya kopo ambayo Waswahili wengine huiita kibatari na wengine koroboi. Mafuta yako chini, moto uko juu. Nani anayapandisha mafuta? Pampu hakuna. Ni utambi. Na utambi ni nini? Ni nyuzi nyingi zilizobanana, na kati ya uzi na uzi mna nafasi nyembamba sana. Maji, kama mafuta, hupenda kushikamana na uzi, tena hushikamana yenyewe kwa yenyewe. Yanayotangulia kupanda ubavuni mwa uzi huyavuta yaliyo nyuma. Wanasayansi huiita nguvu hii kapilari. Kanuni yake ya kukumbuka ni moja: nafasi ikiwa nyembamba zaidi, maji hupanda juu zaidi. Katika mrija wa kioo wenye tundu la milimita 1 maji hupanda kama sentimita 3. Tundu likiwa sehemu ya kumi ya milimita, hupanda kama sentimita 30. Ukitaka ushahidi bila kioo, tazama ukuta wa nyumba zetu wakati wa mvua nyingi. Tofali hulowa kutoka chini kwenda juu, hata upande wa ndani ambako mvua haifiki. Ni nguvu ileile.

Kwenye taa, moto huyala mafuta ya juu na utambi huleta mengine. Kwenye kopo la mboga, kazi ya moto hufanywa na jua na upepo. Majani hutoa maji hewani, mizizi huyanyonya kutoka udongoni, udongo unakauka, na udongo uliokauka huyavuta maji yaliyo kwenye utambi. Siku ya mawingu mche hunywa kidogo, na utambi huleta kidogo. Hakuna mtu wa kufungua wala wa kufunga. Mche wenyewe ndio unaoita maji.

Lakini nguvu hii ni ndogo, na hapo ndipo wengi hukosea. Kutoka uso wa maji mpaka kitako cha kopo la mche pasizidi sentimita 15, yaani pungufu ya shibiri. Na kadiri maji yanavyopungua chomboni, ndivyo safari ya utambi inavyorefuka na mwendo wake unavyopungua. Kwa hiyo chombo cha maji kizuri ni kipana na kifupi, kama beseni au jerikeni iliyolazwa ubavu. Ndoo ndefu nyembamba itakuwa na maji chini na mche utanyauka juu, nawe utashangaa.

Kabla ya kutafuta hivyo vyombo, ndugu zangu, simameni hapa kidogo.

Kwenye mashamba ya chai, miwa na maua, chombo kilicho rahisi kupatikana ni jerikeni tupu ya dawa: dawa ya magugu, dawa ya wadudu. Ni imara, ina kifuniko, na mara nyingi imetupwa nyuma ya stoo. Usiichukue. Usiiweke maji, usiipandie mboga, usimpe mtoto aichezee. Plastiki hunywa dawa, na kuosha hakuitoi yote. Hata ile kanuni ya kuisuuza mara tatu na kuitoboa ni ya kuipunguzia sumu kabla haijakusanywa na kuondolewa. Haiifanyi kuwa chombo cha nyumbani. Katika shamba moja nilikuta nyumba sita zina jerikeni hizo, mbili zikiwa za maji ya kunywa. Tulipouliza stoo, tuliambiwa kwamba watu wameiba. Kama ni wizi, mbona hazikuwa zimetobolewa wala kufungiwa? Mkataba Namba 184 wa mwaka 2001 wa Shirika la Kazi Duniani, unaohusu usalama na afya katika kilimo, unataka uwepo utaratibu wa kukusanya na kuondoa vyombo vitupu vya kemikali ili visitumiwe kwa kazi nyingine, na unazitaka hatua hizo mpaka ndani ya shamba lenyewe. Nchi iliyouridhia imefungwa nao. Pale usiporidhiwa, bado ni hoja nzuri ya kuweka mezani. Tawi lolote likiona vyombo hivyo kwenye laini, liandike siku, mahali na idadi, na kamati ya usalama ipewe barua.

Vyombo vya kutumia ni vya chakula: jerikeni ya mafuta ya kula, ndoo ya mafuta ya kupikia, beseni lililopasuka mdomo, chupa kubwa za plastiki za maji au soda. Makopo ya rangi yaacheni.

Sasa utambi wenyewe. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipoulia mboga za kwanza. Desemba 2011 nilitumia kamba ya plastiki, ile ngumu yenye kung'aa ya kufungia mizigo kwenye baiskeli. Niliiona ni imara, haiozi. Nikaenda semina ya siku tano. Niliporudi, sukuma wiki zote zilikuwa zimelala, na chombo cha maji kimejaa kama nilivyokiacha. Ile kamba haikunywa hata tone. Plastiki ya namna ile huyakataa maji, hayashikamani nayo.

Kitambaa cha fulana kuukuu kinafaa. Cha pamba tupu hupandisha maji vizuri kuliko vyote lakini huoza ndani ya udongo, na baada ya msimu mmoja unaweza kuvuta ukabaki na vipande mkononi. Fulana yenye mchanganyiko wa pamba na polista hudumu zaidi. Soksi ndefu za nailoni za akina dada nazo zinafaa sana zikisokotwa. Utambi mpya wa jiko la mafuta ya taa ni mzuri ila unauzwa, na uliokwisha kutumika usiuguse, mafuta ya taa huua mizizi. Katani nayo huoza mapema. Kitambaa kipya cha dukani kina wanga wa kiwandani unaozuia maji, kwa hiyo kifue kwa maji ya moto na sabuni, kisha kisuuze mpaka povu liishe kabisa.

Usiamini maneno yangu wala ya mwenye duka. Pima. Kata ukanda wa kitambaa, uning'inize ukiwa mkavu, ncha yake ikigusa maji kwenye kikombe. Subiri nusu saa. Maji yasipopanda hata upana wa kiganja, kitambaa hicho ni cha kufutia baiskeli.

Kutengeneza si kazi kubwa. Toboa kitako cha kopo la mche kwa msumari uliopashwa moto, tundu la katikati litoshe kupitisha utambi ulio mnene kama kidole, na pembeni matundu mawili madogo ya kutolea maji ya mvua. Utambi uwe mrefu wa kufika chini kabisa ya chombo cha maji, na upande wa juu uingie mpaka nusu ya udongo. Huko ndani usiuache umesimama kama mlingoti. Uchambue ncha yake, uitandaze au uizungushe mara moja, ili ushikane na udongo mwingi. Kisha jaza udongo ukiushindilia taratibu kuzunguka utambi. Pakibaki pengo la hewa, maji hayavuki. Kwa sababu hiyohiyo usiweke kokoto chini ya kopo kama tulivyozoea kwenye vyungu vya maua. Mapengo ya kokoto ni mapana mno, na maji hayawezi kuyapanda.

Udongo wa mfinyanzi mtupu haufai, hukamata maji na kukosesha mizizi hewa. Mchanga mtupu nao hauyapandishi vya kutosha. Mimi huchanganya makarai mawili ya udongo mweusi, moja la mchanga, na moja la samadi iliyooza au makapi ya kahawa yaliyokaa mwaka. Walio kwenye sukari wanaweza kuomba yale matope ya chujio yanayotolewa kiwandani, yakiwa ya zamani na yamepoa. Nimesema kuomba. Tusije tukaketi kwenye kikao cha nidhamu kumtetea mtu kwa kesi ya matope.

Kopo la mche liweke juu ya chombo cha maji. Kama kifuniko cha ndoo ni imara, kitoboe katikati na kopo likae juu yake. Au lipange juu ya mawe mawili, chombo kikiwa katikati. Halafu fanya jambo ambalo wengi hulisahau: mwagilia kutoka juu, polepole, mpaka maji yatiririke kwenye utambi na kudondoka chini. Hata tadooba huiwashi kabla utambi haujalowa. Udongo mkavu na utambi mkavu haviwezi kuanza vyenyewe, ila vikishalowa huendelea.

Wapo wanaopendelea namna ya yule mtunza bustani, chombo pembeni na utambi kupita juu ya mdomo wake. Inafaa kwa makopo mengi kuzunguka beseni moja. Lakini angalia kimo. Uso wa maji uwe chini kuliko mahali utambi unapoingia udongoni. Mimi niliwahi kuweka beseni juu ya kiti, makopo yakiwa chini, nikidhani nayarahisishia maji kazi. Asubuhi beseni lilikuwa tupu, udongo umekuwa uji, na maji yamefika mlangoni kwa jirani. Maji yakikaa juu kuliko udongo, utambi haungoji kuitwa na mche. Huyateremsha mchana na usiku mpaka yaishe, na mizizi huoza kwa kukosa hewa. Majani ya mche uliozama hunyong'onyea sawa na ya mche wenye kiu, na mtu huongeza maji akidhani anaokoa. Kwanza tia kidole udongoni.

Sisi tunapanda nje, si sebuleni. Nje kuna jua, upepo, mvua na mbu, na kila kimoja kina mambo yake.

Upepo hukausha sehemu ya utambi iliyo wazi kabla maji hayajafika kwenye mche. Uvike kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, au bua la jani la papai, ambalo lina tundu lake tayari. Jua likipenya kwenye chupa nyeupe huotesha ukijani majini, na ukijani huziba utambi. Ipake matope au ifunge gunia. Mvua hujaza chombo, na chombo kikijaa mpaka kitako cha kopo, mche unasimama ndani ya maji. Kwa hiyo toboa tundu moja ubavuni mwa chombo, vidole viwili chini ya mdomo, maji ya ziada yatokee hapo. Ukishalitoboa utaona faida nyingine: mvua inayonyesha juu ya kopo hupita udongoni ikashuka chomboni, na siku mbili tatu hujazi kitu.

Mbu ndiye mbaya zaidi. Katika joto letu yai la mbu laweza kuwa mbu kamili kwa siku 7 mpaka 10, na chombo cha maji yaliyotulia kivulini ni kama nyumba tuliyomjengea. Katika laini yetu mama mmoja alikuja kunishtaki kwamba makopo yangu yamemletea malaria mtoto wake. Sikuweza kumwambia si kweli. Tangu siku hiyo sheria yetu ni hii: chombo kisicho na kifuniko hakikai nje. Kifuniko kibane, tundu la utambi lizibwe kitambaa kuuzunguka, na lile tundu la mvua lifungwe kipande cha chandarua kilichochakaa. Mara moja kwa wiki mwaga kilichobaki, sugua ubavu wa chombo, jaza maji mapya. Siku tatu za kulala na malaria ni siku tatu ambazo kibarua halipwi, na hakuna mboga inayofidia hizo.

Maji ya chomboni yawe safi ya kawaida. Ya kuoshea mchele au mboga yana faida, lakini yamwage juu ya udongo siku ileile. Chomboni yanaoza, yananuka, yanaziba utambi. Ya sabuni usiyatie. Mbolea pia usiitie chomboni, ichanganye na udongo. Na hata kama utambi unafanya kazi vizuri, mara moja kwa mwezi mwagilia kutoka juu kwa maji mengi. Maji yanayopanda tu huacha chumvi zake juu, utaona ukoko mweupe kama wa kwenye sufuria ya kuchemshia. Maji ya juu huzisukuma chini zitoke, nawe uyamwage yale ya chomboni.

Mbegu hazianzi kwa utambi. Uso wa udongo hubaki mkavu, na mbegu ndogo kama ya dodo italala tu. Mwagilia kutoka juu wiki mbili tatu mpaka mizizi ishuke, ndipo uuachie utambi kazi. Juu ya udongo tandaza majani makavu ya miwa au nyasi. Hilo peke yake huokoa maji mengi.

Kuna watu huniuliza kopo moja linakunywa kiasi gani. Hakuna jibu moja. Kwangu, ndoo ya lita 10 yenye miche miwili mikubwa ya sukuma wiki, kwenye jua la Januari, ilimaliza lita 5 kwa siku nne. Vitunguu vya majani kwenye kopo dogo havikufika lita moja kwa siku hizo. Nyanya iliyozaa hunywa kuliko utambi mmoja unavyoweza kuleta, itie tambi tatu, na bado siku za jua kali uiongezee kwa mkono. Njia ya kujua yako ni kuchora mstari wa mkaa kwenye chombo kila asubuhi. Usisafiri kabla hujatazama mistari hiyo wiki nzima.

Mistari hiyo ya mkaa ndiyo inayonirudisha kwa yule mzee mkata miwa.

Alipouliza juu ya maua, nilidhani anatania. Baada ya kicheko aliendelea. Alisema, "Bomba letu moja linafunguliwa asubuhi saa moja na jioni saa mbili tu. Tukijifunza kuishi na maji kidogo, kesho wataambiwa wakubwa kwamba maji yanatosha." Nilimjibu kwamba hayo ni mambo mawili tofauti. Nilikosea. Mwaka 2017 tulipokaa na mwajiri kudai bomba la pili, aliyekuja kwa niaba ya utawala alisema karibu maneno yaleyale. Alisema amepita kwenye laini akaona makopo ya mboga yamestawi katikati ya kiangazi, basi watu wana maji mpaka ya kuchezea. Sisi upande wetu tulitazamana. Mzee hakusema kitu, aliniangalia tu.

Tuliomba kikao kiahirishwe wiki mbili. Tulichagua nyumba kumi na mbili zenye makopo, tukawapa akina mama madaftari ya watoto. Kila nyumba iliandika mistari ya mkaa imeshuka kiasi gani, majerikeni mangapi yamechotwa, na mtu amekaa foleni muda gani. Wasiojua kuandika walichora vijiti. Tuliporudi mezani tulikuwa na hesabu. Nyumba yenye makopo sita ilitumia lita 3 mpaka 4 kwa siku kwa mboga. Hiyo haifiki hata robo ya jerikeni moja ya lita 20. Foleni ilikuwa zaidi ya saa moja kila jioni, na nyumba tatu kati ya zile kumi na mbili zilikosa maji kabisa angalau siku mbili. Yule bwana alisoma madaftari kimya. Alimuuliza mama mmoja kama vijiti vile amechora mwenyewe. Mama akamjibu, "Ndiyo, bwana, nikiwa foleni."

Tulichopata ni saa moja zaidi ya maji asubuhi, kabla watu hawajaenda kazini. Bomba la pili bado tunalidai. Mzee alistaafu akarudi kwao, na siku ya kuondoka aliomba mche wa pilipili na utambi wake. Nilimpa miwili.

Kwa hiyo tawi likianza somo hili, lianze na daftari siku hiyohiyo. Usingoje mpaka mtu aje kuyahesabu makopo yako kwa niaba yako.

Mvua zikianza mwezi wa tatu, toa utambi, ufue kwa maji matupu, uanike mpaka ukauke kabisa, uning'inize ndani mahali ambapo panya na mchwa hawafiki. Chombo kioshe, kigeuze mdomo chini. Katika mkutano ujao wa tawi tutatengeneza makopo matatu pamoja, kwa hiyo kila mtu aje na fulana kuukuu na ndoo ya mafuta ya kula. Mwenye kopo lililokataa kunywa asilitupe. Aje nalo lilivyo, na utambi ukiwa ndani.